Kuomba viza ya India kwa mtandao ukiwa Dodoma: mwongozo kamili kwa mtalii na mfanyabiashara

Mkazi wa Dodoma, Kondoa au Singida anayekwenda India kutembea, au anayekwenda kutafuta mashine ya kukamua alizeti, halazimiki tena kuipeleka pasipoti yake Dar es Salaam na kuiacha ubalozini. Tangu tarehe 27 Novemba 2014 Serikali ya India imekuwa ikitoa viza kwa mtandao kwa raia wa nchi ilizoziorodhesha, na Tanzania imo katika orodha hiyo. Fomu hujazwa kwa kompyuta au simu janja, ada hulipwa kwa kadi, na jibu huja kwa baruapepe. Urahisi huo, hata hivyo, una upande wake mgumu: hakuna karani wa dirishani atakayekuonyesha kwamba tarehe umeigeuza au jina umelikata. Ulichoandika ndicho kinachomfikia afisa, na ada ikishalipwa hairudishwi hata viza ikikataliwa. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu karatasi zinazotangulia fomu. Mtu aliyeziweka karatasi zake sawa hujaza fomu yenyewe kwa kikao kimoja, na asiyeziweka sawa huirudia bila kujua kinachomkwamisha.

Nani anaruhusiwa kutumia njia hii

Njia ya mtandao ni ya wenye pasipoti ya kawaida tu. Jambo hili lina uzito wa pekee Dodoma, mji wa wizara na taasisi za Serikali, ambako wapo watumishi wengi wenye pasipoti za utumishi na za kibalozi. Pasipoti hizo hazikubaliwi katika mfumo huu, na mwenye nayo huomba viza kupitia Ubalozi wa India uliopo Dar es Salaam. Mtumishi wa umma anayesafiri kwa shughuli zake binafsi kwa pasipoti ya kawaida anaweza kutumia mtandao, ila kibali cha kusafiri nje ya nchi kutoka kwa mwajiri wake ni jambo jingine kabisa, ambalo viza haiwezi kuliziba.

Mtoto, hata akiwa mchanga, anahitaji pasipoti yake mwenyewe na maombi yake mwenyewe. Mtu mwenye pasipoti ya Pakistani au mwenye asili ya nchi hiyo huelekezwa ubalozini, na fomu ina swali la moja kwa moja kuhusu babu na bibi wa pande zote mbili.

Aina ya viza na hesabu ya siku

Viza ya utalii ya mtandaoni hutolewa kwa vipindi vitatu: siku 30, mwaka 1 na miaka 5. Ya siku 30 huruhusu kuingia mara mbili. Za mwaka 1 na miaka 5 huruhusu kuingia mara nyingi. Zote ni kwa ajili ya matembezi, kutazama vivutio, kuwatembelea ndugu na marafiki, au kuhudhuria mafunzo mafupi ya yoga. Viza ya biashara hutolewa kwa mwaka 1 na huruhusu kuingia mara nyingi; hii ndiyo ya mtu anayekwenda kununua au kuuza bidhaa, kukutana na washirika, kuhudhuria maonesho ya biashara au kuanzisha mradi. Ipo pia viza ya matibabu ya siku 60, inayoruhusu kuingia mara tatu, pamoja na viza ya wanaomsindikiza mgonjwa, ambao hawazidi wawili. Hiyo ina masharti yake, hasa barua ya hospitali ya India, na mwongozo huu hauifuatilii zaidi ya hapo.

Wapo wanaoshauri kwamba mfanyabiashara mdogo aombe tu viza ya utalii, kwa hoja kwamba haihitaji barua ya mwaliko. Ushauri huo siukubali. Mwenye kinu cha alizeti anayekwenda Rajkot au Ludhiana, miji inayojulikana kwa utengenezaji wa mashine za kukamua mafuta, anakwenda kibiashara hata kama atapita Agra kuitazama Taj Mahal njiani. Ndivyo ilivyo pia kwa mnunuzi wa mbaazi wa Kondoa au Babati anayekwenda kuonana na wateja wake, kwa kuwa India ndiyo soko kubwa la mbaazi yetu. Afisa wa uhamiaji akimuuliza uwanjani amekuja kufanya nini, jibu la kweli litapingana na viza iliyomo mkononi, na huko hakuna dirisha la kubadilisha aina ya viza.

Hesabu ya siku ndipo watu wengi wanapotatizika. Viza ya utalii ya siku 30 huanza kuhesabiwa siku unayoingia India, ingawa karatasi ya idhini huonyesha tarehe ya mwisho ambayo mtu anaweza kuidhani kuwa ndiyo mwisho wa kukaa. Tarehe hiyo ni ya mwisho wa kuingia. Ukiingia kabla yake, unazo siku zako 30 kamili. Viza ya utalii ya mwaka 1 au miaka 5, pamoja na ya biashara, huhesabiwa tofauti: huanza tarehe ile idhini inapotolewa, iwe umesafiri au hujasafiri. Kwa hiyo mfanyabiashara anayeomba miezi mitatu kabla ya safari anakuwa ameipoteza robo ya mwaka wake bila kuondoka Dodoma.

Mfumo wenyewe una mipaka ya muda. Maombi ya utalii ya siku 30 hupokelewa ndani ya siku 30 kabla ya kuwasili, na ya aina nyingine tulizozitaja ndani ya siku 120. Kwa upande wa mwisho, maombi yawe yamewasilishwa angalau siku 4 kabla ya kuwasili. Siku 4 ni mpaka wa mfumo, na kuutegemea ni kujitafutia presha. Wiki mbili hadi tatu kabla ya safari ni muda mzuri: unatosha kurekebisha picha iliyokataliwa au malipo yaliyokwama, na hauli siku nyingi za viza ya biashara.

Pasipoti na majina

Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6 kuanzia siku utakayowasili India, na iwe na kurasa mbili tupu za kugongwa mihuri. Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania, iliyozinduliwa tarehe 31 Januari 2018, hudumu miaka 10, na maombi yake huanzia kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji kabla ya kwenda ofisini kuchukuliwa alama za vidole. Asiyekuwa nayo aanze huko, kwa sababu fomu ya viza haiwezi kukamilika bila namba ya pasipoti.

Kisha yaje majina. Mtanzania wa kawaida ana majina matatu, na si ajabu yakawa yamepangwa kwa namna moja kwenye kitambulisho cha NIDA, namna nyingine kwenye cheti cha shule na namna ya tatu kwenye akaunti ya benki. Fomu ya India haina haja na hayo yote: inataka kile kilichomo kwenye pasipoti, na ina nafasi mbili tu, moja ya jina la ukoo iliyoandikwa Surname na nyingine ya majina mengine iliyoandikwa Given Name. Ukiwa na shaka kuhusu jina lipi ni la wapi, tazama mistari miwili ya herufi kubwa iliyo chini ya ukurasa wenye picha. Mstari wa kwanza huanza na herufi P, kisha herufi TZA za nchi yetu, na baada yake jina la ukoo; zikifuata alama mbili za mshale zilizoungana, jina la ukoo limekwisha na yanayofuata ni majina mengine. Mashine ya uwanja wa ndege husoma mistari hiyo, kwa hiyo wewe nawe iandike fomu kwa kuifuata. Usilifupishe jina la kati liwe herufi moja, wala usiliongeze jina la mume ikiwa pasipoti bado ina jina la baba.

Aliyewahi kubadilisha jina kwa ndoa, kwa ubatizo au kwa kiapo cha mahakama ajaze sehemu ya jina la awali. Namba ya pasipoti nayo inakiliwe kwa kutulia, hasa herufi O isichanganywe na sifuri.

Picha na nakala

Mfumo unahitaji picha moja ya uso na nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye taarifa zako. Picha iwe faili la aina ya JPEG lenye ukubwa usiopungua kilobaiti 10 na usiozidi megabaiti 1, na iwe ya mraba, yaani urefu na upana vilingane. Uso uonekane wote kutoka mbele, macho yakiwa wazi, bila miwani, mandhari ya nyuma yakiwa meupe au ya rangi nyepesi isiyo na kivuli wala fremu. Ukienda studio mjini na kusema tu kwamba unataka pasipoti saizi, kuna uwezekano mkubwa ukapigwa picha ya mstatili yenye mandhari ya bluu, kwa kuwa ndiyo inayotumika kwenye maombi mengi ya kazi. Mweleze mpiga picha mapema kwamba unataka ya mraba yenye mandhari meupe, na umwombe faili lenyewe, kwani picha iliyochapwa kisha ikapigwa tena kwa simu hutoa mng'ao usiokubalika. Mwanamke anayevaa hijabu au mtandio kwa sababu za kidini hahitaji kuuvua. Kinachotakiwa ni uso wake uonekane kuanzia kidevuni hadi kwenye paji.

Nakala ya pasipoti iwe faili la PDF lenye ukubwa kati ya kilobaiti 10 na 300. Kikomo cha juu ndicho kinachowasumbua watu, maana programu za kuskani zilizomo kwenye simu hutoa faili linalozidi ukubwa huo mara kadhaa. Punguza ubora wakati wa kuhifadhi, kisha lifungue faili lililopunguzwa na ulikuze: ikiwa ile mistari miwili ya chini inasomeka herufi kwa herufi, nakala inafaa. Kupunguza kwa kuituma picha WhatsApp na kuipakua tena hupunguza kweli ukubwa, lakini mara nyingi hufifiza herufi ndogo, ambazo ndizo afisa anazozitafuta.

Karatasi za ziada za mfanyabiashara

Mwombaji wa viza ya biashara huambatisha nakala ya kadi yake ya biashara, ile ndogo yenye jina, cheo na mawasiliano, pamoja na barua ya mwaliko kutoka kampuni ya India. Kadi isiwe ya kubuniwa kwa ajili ya viza tu. Jina la biashara lililomo liwe lile lililosajiliwa BRELA na lililopo kwenye leseni na TIN, kwa kuwa fomu itakuuliza tena jina hilo, anwani na simu. Asiye na tovuti ya biashara huandika herufi NA, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya haihusiki, mahali pa tovuti.

Barua ya mwaliko inastahili kusimamiwa kwa karibu. Wauzaji wa mashine wa India huandika barua hizi kila siku na wengi wana mfano uliokwisha tayari, lakini wao hawajui jina lako linavyoandikwa. Watumie nakala ya ukurasa wa pasipoti au, kama hutaki kuitoa nakala, waandikie kwa usahihi jina, uraia na namba ya pasipoti. Barua iandikwe kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, anwani na simu. Iseme unakwenda kufanya nini, kwa mfano kukagua na kununua mashine ya kukamua mafuta ya alizeti. Itaje takriban tarehe za ziara. Na isainiwe na mtu mwenye jina na cheo. Ikifika, isome mstari kwa mstari kabla ya kuipakia. Barua inayosema unakuja mwezi Mei wakati fomu inasema Julai ina madhara kuliko barua fupi isiyo na tarehe. Kampuni ambayo umeikuta tu mtandaoni na inayotaka malipo ya awali ili ikuandikie mwaliko, iache.

Kuifikia tovuti yenyewe

Tovuti ya Serikali ya India ni indianvisaonline.gov.in, na sehemu ya viza za mtandaoni ni ile yenye neno evisa baada ya alama ya mkwaju (/). Andika anwani hiyo mwenyewe kwenye kivinjari. Ukitafuta kwa maneno ya jumla, matokeo ya juu mara nyingi huwa matangazo ya mawakala walioipamba kurasa zao kwa bendera na nembo, ambao hukutoza ada ya Serikali pamoja na yao. Wapo wanaowasilisha maombi kweli, na wapo wanaochukua fedha na nakala ya pasipoti na kutoweka. Njia nyepesi ya kutofautisha ni mwisho wa anwani: ya Serikali humalizika kwa gov.in, na mkwaju ndio hufuata. Anwani inayobandika neno gov katikati kisha ikamalizika kwa com au org si ya Serikali.

Watu wengi mjini Dodoma hujaziwa fomu steshenari, na sioni ubaya kwa asiyezoea kompyuta, kwa masharti mawili. La kwanza, baruapepe iwe yako, si ya mwenye steshenari, kwa sababu idhini na maelekezo yote huja huko. La pili, mafaili ya pasipoti na picha yafutwe kwenye kompyuta kabla hujaondoka, pamoja na yaliyomo kwenye kapu la taka. Nakala ya pasipoti yako kwenye mashine inayotumiwa na kila mtu ni hatari usiyoihitaji.

Kujaza fomu, ukurasa kwa ukurasa

Fomu yote ni ya Kiingereza. Ukurasa wa kwanza unataka uraia, aina ya pasipoti, uwanja utakaoingilia, tarehe ya kuzaliwa, baruapepe, tarehe ya kuwasili na aina ya viza. Viza ya mtandaoni huruhusu kuingia kupitia vituo vilivyoorodheshwa tu, vikiwemo viwanja vya ndege na bandari. Viwanja vya Mumbai, Delhi, Ahmedabad, Chennai, Bengaluru na Hyderabad vimo. Kutoka unaweza kutokea kituo chochote cha uhamiaji kilichoidhinishwa.

Tarehe ya kuwasili ni ya India. Ndege inayoondoka Dar es Salaam jioni hufika kesho yake, na saa za India ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu. Tiketi nayo huandikwa kwa mfumo wa saa 24: 01:30 ni saa saba na nusu usiku, na tarehe imekwishabadilika.

Baada ya ukurasa huo mfumo hutoa namba ya muda ya maombi. Iandike kwenye daftari. Umeme ukikatika au bando likiisha, namba hiyo ndiyo itakayokuwezesha kurudi ulipoishia.

Ukurasa wa taarifa binafsi huuliza mahali ulipozaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa, dini, elimu na alama inayoonekana mwilini. Mahali pa kuzaliwa paandikwe kama palivyo kwenye pasipoti, hata kama wewe unajijua kuwa mtu wa Mpwapwa na pasipoti imeandika Dodoma. Swali la dini huwashtua Watanzania, kwa kuwa hata sensa zetu haziulizi; hapa lijibiwe kwa kuchagua kwenye orodha. Alama ya mwili ni kovu, baka, au zile chale za usoni walizonazo baadhi ya wazee wetu.

Kwenye anwani, tumia mfumo wa anwani za makazi: namba ya nyumba, jina la barabara, kata na postikodi. Kuandika tu "Area D" au "Nkuhungu" kunamtosha mwenye bodaboda, lakini hakumtoshi afisa wa New Delhi. Fomu huendelea na majina ya baba na mama, uraia wao na mahali walipozaliwa, hata kama wamekwisha kufariki. Kwa wazazi waliozaliwa vijijini zamani, jina la wilaya linatosha.

Sehemu ya kazi ina swali kuhusu utumishi katika jeshi, polisi au vyombo vya usalama, wa sasa au wa zamani. Aliyewahi kuajiriwa huko ajibu ndiyo na kutaja chombo, cheo na kituo. Vijana waliopitia JKT kwa mujibu wa sheria, wakiwemo wa Makutupora hapa hapa Dodoma, huuliza kama swali linawahusu. Mtazamo wangu ni kwamba jibu la ndiyo, lenye maelezo mafupi kuwa yalikuwa mafunzo ya lazima, ni salama kuliko hapana itakayohitaji kutetewa baadaye.

Ukurasa wa safari unataka miji utakayoitembelea, viza za India ulizowahi kupata na nchi ulizotembelea kwa miaka 10 iliyopita. Watu husahau nchi jirani. Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia ni nchi za nje hata kama ulikwenda kwa basi na hati ya dharura. Fungua pasipoti ya zamani uhesabu mihuri. Kuna swali jingine linalohusu nchi za Asia ya Kusini, kama Nepal, Sri Lanka na Bangladesh, kwa miaka 3 iliyopita.

Mwishoni utatakiwa kutaja mtu au taasisi ya kurejewa India na mwingine Tanzania. Mtalii aweke hoteli yenye anwani na simu kamili. Mfanyabiashara aweke kampuni iliyomwalika. Wa Tanzania awe mtu anayepokea simu na anayejua kwamba unasafiri. Maswali ya ndiyo au hapana yanayofuata, kuhusu kukamatwa, kufungwa au kufukuzwa nchi yoyote, yasijibiwe kwa kubofya harakaharaka. Hapana ishirini zilizobofywa bila kusomwa zinaweza kuficha moja iliyopaswa kuwa ndiyo.

Hatimaye fomu nzima huonyeshwa kwa pamoja. Chukua pasipoti, mkabidhi mtu mwingine fomu, akusomee namba na majina kwa sauti nawe ufuatilie kwa kidole. Baada ya malipo huwezi kurekebisha chochote.

Malipo

Ada hutegemea uraia, aina ya viza na kipindi chake, na tovuti ina jedwali la nchi zote. Lisome mstari wa Tanzania kabla ya kuanza. Juu ya ada huongezwa tozo ndogo ya benki kwa asilimia. Malipo hupokelewa kwa kadi za Visa na Mastercard na kwa PayPal, na kadi za mtandao zinazotolewa na baadhi ya kampuni za simu nazo huweza kutumika zikiwa na salio la kutosha.

Kadi ya benki ya Tanzania mara nyingi hufungwa isilipie mtandaoni mpaka mteja aombe. Piga simu benki au tumia programu ya benki kuifungua siku moja kabla, uliza kikomo cha malipo kwa siku, na uache nafasi kwenye salio kwa ajili ya tofauti ya kubadilisha dola. Laini ya simu iliyosajiliwa na akaunti iwe hewani, kwani namba ya siri ya mara moja hutumwa huko na huisha muda haraka.

Malipo yakikwama, usikimbilie kurudia. Mfumo huweza kuchukua hadi saa 4 kuonyesha kwamba fedha zimepokelewa, na anayerudia haraka hujikuta amekatwa mara mbili. Subiri, kisha tumia sehemu ya tovuti ya kuhakiki malipo. Majaribio yaliyoshindikana yakifika matatu, namba ya maombi hufungwa na itakubidi uanze fomu mpya.

Kusubiri jibu

Kwa kawaida jibu hupatikana ndani ya saa 72. Tazama pia folda ya taka ya baruapepe, na ingia kwenye tovuti kwa namba ya maombi na namba ya pasipoti ili uone hali halisi. Neno linalotakiwa ni Granted. Barua inayosema tu kwamba maombi yamepokelewa si viza. Picha au nakala isiposomeka, utapata ujumbe wa kukutaka uipakie upya. Fanya hivyo siku hiyohiyo kwa kutumia sehemu iliyotengwa, bila kufungua maombi mapya.

Aliyekataliwa anaweza kuomba tena kwa kulipa ada tena, au kwenda ubalozini. Kabla ya hapo alinganishe fomu aliyoituma na pasipoti na barua ya mwaliko, kwani kuirudisha fomu ileile yenye kasoro ileile ni kutupa fedha.

Kutoka Dodoma hadi kwenye dirisha la uhamiaji

Chapa nakala mbili za idhini ukiwa bado Dodoma. Mhudumu wa shirika la ndege huikagua kabla ya kukupa pasi ya kupandia, na usiku wa manane uwanjani Dar es Salaam si mahali pa kutafuta printa. Anayeshuka kwa treni ya SGR siku hiyohiyo ya safari aache saa za kutosha kati ya kufika stesheni na kufika uwanjani, kwa sababu foleni za Barabara ya Nyerere hazina ratiba.

Njia ya ndege nayo ina jambo lake. Wasafiri wengi hupitia Nairobi au Addis Ababa, na Kenya na Ethiopia ni nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Beba kadi ya chanjo. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu mwaka 2016 cheti chake hakina mwisho wa muda, hivyo kadi ya zamani iliyoandikiwa miaka 10 bado inafaa. Tangu Oktoba 2025 India pia hutaka mgeni ajaze kadi ya kuwasili kwa mtandao ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Haina malipo, na anayedai fedha kwa ajili yake ni tapeli.

Ikiwa pasipoti imebadilishwa baada ya viza kutoka, safiri na zote mbili, ya zamani na mpya.

Ukifika, fuata foleni ya wenye viza za mtandaoni. Utachukuliwa picha na alama za vidole, utaulizwa unakokwenda na utakaa siku ngapi, kisha pasipoti itagongwa muhuri. Simama hapohapo usome muhuri huo: tarehe ya kuingia, aina ya viza na mwisho wa kukaa. Kosa likionekana ukiwa bado dirishani, afisa hulirekebisha papo hapo; likionekana siku ya kurudi, utalieleza wakati ndege yako inaita abiria.